Mate Juu ya Chuma

Mwezi uliopita nilirudi Kalenga, karibu na Iringa, kumzika mtu ambaye sikumpenda. Nilikuwa Mbalizi, nimepanga chumba nyuma ya duka la mbolea, nikiwaza niende wapi tena, ndipo dereva mmoja wa lori aliponiambia kwamba Mzee Kaduma, aliyekuwa fundi mkuu wa gereji moja kule Iringa, amefariki. Nilisema poleni, nikamaliza chai yangu, na ilipofika jioni nikajikuta nafunga mkoba. Ndivyo nilivyo. Hata msiba wa mtu niliyemchukia unatosha kunitoa mahali nilipo. Pale makaburini alisimama mzee mwenzake, akasema marehemu alikuwa na kinywa cha baraka, na kwamba katika nyanda hizi wako watu wazima na watoto wao wanaoishi leo kwa sababu ya mate yake. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja akaangua kilio. Mimi nikashikwa na kinyaa. Nilijifanya nakohoa, nikasogea nyuma ya migomba, nikasimama huko nimeshika magoti, mtu mwenye mvi, nikipumua kama mtoto aliyelazimishwa kunywa mafuta ya samaki. Nimekula vya kila aina katika miji mingi tangu wakati ule, na nimelala katika vitanda ambavyo sitavieleza. Nilidhani kinyaa kile kilikwisha zamani. Kumbe kilikuwa kimekaa tu kinaningoja.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, sina mke wala shamba, na kazi niliyopata Mbeya ilikuwa ya kubeba boksi. Mwenye boksi alikuwa mhandisi wa Kizungu aliyetoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya baada ya mgodi wao kufungwa. Boksi lenyewe lilikuwa la bati la kijivu, zito kama debe la maji, na ndani yake mlikuwa na taa za kioo zilizochukua muda kupata moto kabla halijafanya lolote. Mbele lilikuwa na kitufe cha kuzungusha na kipimo chenye namba. Kutoka ubavuni ulitoka waya wenye kidude bapa kama kifungo cha koti, na waya mwingine uliokwenda kwenye vyombo vya kuvaa masikioni. Kazi yake ilikuwa kupima unene wa chuma kwa sauti. Si sauti hizi tunazozisikia, bali sauti nyembamba mno inayopita juu ya masikio ya binadamu. Unabandika kile kifungo kwenye chuma, unazungusha kitufe polepole, na sauti inayoingia ikilingana na unene wa chuma, chuma chenyewe kinaitikia, nawe masikioni unasikia mluzi. Hapo unasoma namba. Mluzi ukilia huku, chuma ni kinene. Ukilia kule, ni chembamba. Mhandisi alinifundisha kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga, tukipima vikopo, mabomba, hata sufuria ya mpishi wake. Alisema masikio yangu ni mazuri. Halafu akachoka na nchi, akaliuza boksi kwa tajiri mmoja mwenye gereji Iringa, na mimi nikaenda nalo kama vile ni mmoja wa waya zake.

Pale Iringa kazi ilikuwa silinda za breki. Silinda ya breki ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, lakini ndicho kinacholisimamisha basi lenye watu na magunia. Ndani yake kuna tundu lililokerezwa laini, na pistoni inapita humo ikisukuma mafuta kwa nguvu kubwa. Tundu likiliwa na kutu, fundi analikereza tena, linapanuka kidogo, anatia mpira mkubwa zaidi, maisha yanaendelea. Likiliwa tena, linakerezwa tena. Kila mara ukuta wa silinda unapungua, na mwishowe ukuta huo ukikanyagiwa breki kwa hofu mteremkoni, unapasuka. Kwa nje huwezi kujua. Mguu wa kalipa, kile chombo cha mkono cha kupimia unene, haufiki vizuri tumboni mwa silinda, na chuma cha kumiminwa hakina unene sawa pande zote. Boksi langu lilijua. Tajiri alilinunua kwa ajili hiyo, na miezi ya kwanza nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote. Nilipima, nikasoma namba, silinda nzima nikaiweka kulia, na iliyokwisha nikaipiga msalaba wa chaki.

Nilipanga kwa dereva mmoja aitwaye Salehe, mtu wa pale pale mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo. Aliendesha basi la Iringa na Mbeya. Chumba changu na chao vilitengwa kwa ukuta wa mabanzi uliobandikwa magazeti, na harufu ya jiko la mkewe, Bi Mwajuma, iliingia kwangu kabla ya jua. Nakumbuka maandazi yake, yenye iliki, na maharage ya jioni aliyoyaunga kwa karanga kwa sababu nazi ilikuwa adimu. Nakumbuka birika jeusi, na mkeka uliokatika pembeni, na jinsi Salehe alivyokuwa akinisukumia mfupa wenye nyama akisema, "Kula, bwana mdogo, masikio hayasikii kwenye njaa." Katika miji yote niliyopita nimekaa kwenye mikahawa nikitafuta ladha ya yale maharage. Hili nalo linaniudhi, kwamba siwezi kukumbuka sahani ile bila kukumbuka vidole nilivyotumia kula.

Maana glisarini ilikwisha. Kifungo kile hakifanyi kazi kikavu. Kati yake na chuma pakiwa na hewa hata kidogo, sauti inarudi ilikotoka, husikii kitu. Lazima pawe na majimaji. Mhandisi aliniachia chupa ya glisarini, nayo ikaisha, na tajiri akasema ataagiza nyingine. Hakuagiza. Mafuta ya mashine yanaharibu mipira ya breki. Mafuta ya breki yenyewe aliyafungia kabatini na funguo akatembea nazo. Nilijaribu maji, yakatiririka kwenye mgongo wa silinda kabla sijageuza kitufe. Mzee Kaduma, fundi mkuu, alikuwa amesimama pembeni akinitazama. Alikuwa Mhehe mrefu, mwenye sauti nzuri, mtu wa kutafuna tumbaku kuanzia asubuhi, na mchana akirudi kutoka kula alinukia ulanzi, ile pombe ya mianzi. Aliinama, akakusanya kinywani, akatema juu ya silinda. Pwaa.

"Haya, jaribu," akasema.

Nilibandika kifungo. Mluzi ukalia, safi kabisa.

Hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote, kwamba yalifanya kazi. Mate ni mazito kuliko maji, yanang'ang'ania chuma. Ila mate yana povu, na povu ni hewa, kwa hiyo ilinibidi niyakande kwa kidole cha shahada mpaka vipovu vipasuke, kimoja kimoja, yakiwa bado na uvuguvugu. Yalikuwa ya kahawia. Yalikuwa na vipande vya tumbaku. Siku nzima nilikaa nikiyakanda mate ya mtu mwingine, kwenye silinda moja baada ya nyingine, na kila nilipoomba glisarini tajiri aliuliza, "Mashine inasoma?" Nikisema inasoma, anasema, "Basi." Nilijaribu kutumia mate yangu mwenyewe, mdomo ukanikauka kabla ya adhuhuri, nikarudi kwa Mzee kama ng'ombe anavyorudi kwenye chumvi. Nyumbani nilinawa kwa sabuni ya kufulia na mchanga, Bi Mwajuma akinimiminia maji na kuniuliza kama nimegusa maiti.

Sasa, madereva walikuwa wakisubiri silinda zao palepale kwenye benchi, na waliona. Huku kwetu, kwa Wahehe na kwa Wanyakyusa pia, mtu akianza safari ndefu mzee wa nyumba huweka maji kinywani na kumpulizia, ili barabara impokee. Hakuna asiyejua. Watu hawa walimwona mzee mwenye mvi akitema juu ya breki zao, kisha kijana wa shule anabandika waya na kusikiliza kwa utulivu. Mmoja akaniomba avae vyombo vya masikioni. Nilimvisha, kwa upumbavu wa kutaka kujionyesha. Akasikia mluzi, macho yakamtoka. "Imeitika!" akapiga kelele. "Mzee ametema, chuma imeitika!" Kuanzia hapo kila dereva alitaka kusikia, na hakuna aliyetazama namba.

Nilieleza mpaka nikachoka. "Mzee," nilimwambia Kaduma mbele yao, "mluzi unalia kwa chuma chochote. Hata chembamba kinalia. Tofauti ni namba."

"Inalia au hailii?"

"Inalia, lakini..."

"Basi imeitika. Wewe Mnyakyusa, ukiitwa ukaitika, mtu anakuuliza umeitikia wapi?" Benchi zima likacheka. Utingo mmoja akaongeza, "Mwacheni, ndugu zangu, masikio yake yamejaa shule."

Kutoka kwenye utani hadi kwenye sheria haikuchukua muda. Silinda niliyoipiga msalaba wa chaki, Mzee aliichukua, akaitemea kwa mara ya pili, akafuta msalaba kwa gumba, akampa mwenyewe. Alifanya hivyo bila haraka, kama anayemfuta mtoto kamasi. Tajiri hakukataza, kwa nini akataze? Silinda zilizotakiwa kutupwa zilikuwa zinatoka mlangoni, na madereva walikuja kutoka Njombe na Mbeya kutafuta breki za Mzee Kaduma. Nimefikiri mara nyingi kama Mzee aliamini. Nadhani mwanzoni alikuwa anatania tu, halafu akasikia jinsi watu wanavyomsalimu. "Kamwene, Mzee!" walimwita kutoka ng'ambo ya barabara, wakivua kofia. Alianza kuvaa koti kazini. Alianza kunyamaza kidogo kabla ya kutema, kama mtu anayesali. Wakati huo huo ulanzi ulikuwa unamtoka puani. Chuki niliyokuwa nayo juu ya lile koti hata leo siwezi kuieleza kwa heshima.

Kisha basi la Salehe likaletwa. Silinda kuu, ile ambayo mguu wa dereva unaisukuma moja kwa moja, ilikuwa imekerezwa mara nyingi kabla, na kutu ilikuwa imeila tumboni upande wa chini. Niliipima mara kwa mara nikitumaini nimekosea. Pale tumboni ukuta ulikuwa mwembamba kuliko ile sarafu ya senti yenye tundu katikati. Nilipiga msalaba mkubwa, na jioni, tukiwa mkekani, nikasema kabla hata sijanawa.

"Kaka Salehe, ile silinda usiikubali. Mguu wako mmoja wa nguvu, imepasuka."

Akamega ugali, akautumbukiza kwenye maharage. "Mzee ameshaiona?"

"Mzee hana macho ya kuona ndani ya chuma."

"Na wewe unayo?"

"Mashine inayo."

"Mashine yako bila mate ya mzee inasema nini?" aliuliza, akatabasamu kwa mkewe. "Haisemi. Bubu."

Bi Mwajuma hakutabasamu. Aliniangalia. "Una hakika, mdogo wangu?"

"Nina hakika, shemeji."

"Salehe, msikilize mtoto wa watu."

"Nimemsikia. Nipe maji."

Alfajiri niliwasikia kupitia magazeti ya ukutani. Bi Mwajuma alikuwa analia kwa sauti ya chini, na Salehe alikuwa anaongea taratibu, kwa namna ambayo hakuwahi kuongea mchana. Alisema kwamba tangu breki zimponyoke siku moja pale Mlima Nyoka, zikashika dakika ya mwisho, mikono yake ilikuwa inatetemeka kwenye kila mteremko. Alikuwa anaificha mikono hiyo kwa abiria. Alikuwa anafikiri kuacha kazi. "Tangu mzee anatemea breki, Mwajuma, mikono imetulia. Naushika usukani kama zamani. Sasa yule kijana anataka niende na namba. Namba itanishikia mikono?" Mkewe akasema kitu nisichokisikia. Akajibu, "Najua. Najua. Lakini bila mate yake siwezi kuteremka hata huu mteremko wa Ipogolo."

Nililala chali nikitazama bati. Mpaka hapo nilikuwa nawadharau wote kwa ujinga, na dharau ni kitu chepesi, unaibeba bila jasho. Hiki nilichosikia kilikuwa kizito zaidi. Nilimpenda Salehe, na nilikuwa nimekula kwake. Lakini sikupata huruma. Nilizidi kuona kinyaa, kwa sababu sasa mate yale hayakuwa tena juu ya chuma tu. Yalikuwa ndani ya nyumba, kwenye godoro, kati ya mume na mke.

Asubuhi ile gereji ilijaa. Basi lilikuwa limesimama nje, abiria wa Mbeya wamekwisha kupanda, wengine wamekaa chini ya ukuta na kuku wao. Mzee Kaduma alikuwa ameifuta chaki yangu. Aliinua silinda ya Salehe mbele ya benchi, akatema, akampa kwa mikono miwili, na Salehe akaipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Nilikuwa sijapanga lolote. Niliinuka, waya zikanishuka masikioni, nikaipokonya ile silinda, ikaniteleza kwa utelezi wake, nikaishika tena, nikaiweka juu ya fuawe na kuipiga nyundo. Chuma cha kumiminwa hakipindi. Kilikatika kama chungu. Tumbo la silinda likafunguka, na kila mtu akaona ukuta wake, mwembamba kama ganda la yai, mwekundu kwa kutu.

Nilichukua kipande nikampa Salehe. "Ona. Shika kwa mkono wako. Hii ndiyo iliyokuwa ikushushe Ipogolo na watu wote wale."

Alikishika. Alikigeuza. Alikipitishia kidole, akajikata kidogo, damu ikatoka. Nilimwona ameelewa. Naapa nilimwona ameelewa, uso ulimbadilika kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuangaliwa nayo.

"Umevunja kitu kilichotemewa," alisema.

"Imevunjika mkononi mwake, si mkononi mwangu," Mzee Kaduma akawaambia watu kwa upole. "Mmeshuhudia. Ilikuwa nzima mpaka alipoigusa."

Wakaanza kunguruma. Tajiri akatoka ofisini, akaona vipande, akaona abiria wanachungulia, akaelewa upesi kwamba silinda ile ikizungumzwa mpaka Mbeya biashara yake imekwisha. Alifungua stoo kwa mkono wake na kutoa silinda mpya, bado imefungwa kwenye karatasi ya nta. "Mfungieni hii, aondoke," akasema. "Na wewe," akanigeukia, "maliza hii, na mwisho wako ni leo."

Nilitaka kuondoka saa ile ile. Lakini Salehe alikuwa ameishika silinda mpya, na mikono yake ilikuwa inatetemeka, mbele ya watu wote. Akamnyooshea Mzee. "Mzee wangu, nisaidie." Mzee akatema. Salehe akanigeukia mimi. "Nataka nisikie."

Nilikaa. Nilikanda mate kwa kidole mpaka povu likaisha. Nilipima pande zote, tumboni, shingoni, chini; ukuta ulikuwa mnene, sawa kila mahali, chuma kizuri kuliko vyote nilivyowahi kugusa katika gereji ile. Nilimvisha Salehe vyombo vya masikioni. Akafumba macho, na mluzi ulipolia akatabasamu kama mtoto, na mikono ikatulia. Benchi likapiga makofi. Sikumwambia namba. Hakuuliza.

Nyumbani Bi Mwajuma alinifungia maandazi kwenye kitambaa. Alikuwa amekwisha kusikia. Alinishika bega, macho yamejaa, nikadhani sasa angalau mtu mmoja atasema. "Ile mpya," aliuliza, "mzee aliitemea?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi ndefu, akasema, "Alhamdulillahi."

Basi la Mbeya siku ile lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Salehe. Nilipanda, nikakaa dirishani nyuma yake, maandazi mapajani, sina kazi, sina mji. Tulipofika mteremko wa Ipogolo akina mama waliacha kuongea. Salehe alikanyaga. Basi likatulia, likashuka pole pole, kona baada ya kona, kama linashikwa kwa mkono kutoka nyuma, mpaka tukafika chini darajani. Abiria wakashangilia. "Mate ya Mzee Kaduma!" utingo akapaza sauti, na basi zima likaitikia. Salehe alinitafuta kwenye kioo, hasira imemwisha, uso mwema kabisa, uso ule wa mkekani.

"Umeona, bwana mdogo?"

Kinyaa kilikuwa kimenijaza mate mdomoni, tele, ya uchungu. Nilifungua dirisha niyateme, nikaona akina mama wawili wananitazama kwa shauku, nikajua watasema nini. Nikafunga dirisha. Nikameza.